Farasi Mia Nne, Viganja Vinne vya Mpira

Juma lililopita nilipokea barua ya mama mmoja wa Tabata, hapa Dar es Salaam. Anaandika kwamba mwanawe yuko Ujerumani, karibu na mji wa Stuttgart, na kwamba kijana huyo amenunua gari. Si gari la hivi hivi. Ni saluni ya Kijerumani, mtumba kwa umri, lakini yenye injini ya kutisha, na picha yake imekwisha kuzunguka katika simu za ukoo mzima. Mashangazi wameiona, wajomba wameiona, majirani wameoneshwa.

Halafu mama anaendelea: "Baridi imeanza, na wenzake kazini wanamwambia abadilishe matairi yote manne. Yeye anasema matairi aliyonayo ni mapya na ni ya gharama, hawezi kununua kitu kile kile mara mbili. Mwanangu, wewe uliwahi kukaa huko. Nimwambie nini?"

Barua hii niliisoma mara mbili, kisha nikaiweka mezani nikakaa kimya. Jibu lake ninalo, na nililipata kwa njia ambayo simwombei mtu mwingine. Tena jibu hili si la mama huyo peke yake. Siku hizi ni nani katika mji huu asiye na mtoto, ndugu au jirani katika nchi za baridi? Basi leo tuzungumze habari ya matairi ya theluji. Najua wapo watakaosema kwamba theluji yetu sisi iko juu ya Kilimanjaro, na huko hakuna barabara ya gari. Ni kweli. Lakini nivumilieni. Kabla sijamaliza mtaona kwamba matairi hayo yamekwisha kufika mpaka bandarini kwetu.

Ilikuwa mwezi Novemba, mwaka 2012. Nilikuwa Ujerumani kikazi, na Jumapili moja nikaenda kumtembelea mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa akiishi kusini ya Munich, kule ambako ardhi inaanza kupanda kuelekea milima ya Alps. Naye alikuwa amenunua gari lake la ndoto: BMW M5 ya mwaka 1999. Kwa wasiolijua, hilo ni gari ambalo kwa nje baba wa familia anaweza kwenda nalo kanisani au msikitini bila kutazamwa, lakini ndani lina injini ya silinda nane yenye nguvu za farasi 400, na nguvu zote hizo zinakwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Matairi yake ya mbele yana upana wa milimita 245, ya nyuma milimita 275. Yalikuwa matairi ya majira ya joto, meusi, mapya, yanang'aa.

Usiku ule theluji ilikuwa imeanguka kidogo tu, haizidi unene wa vidole viwili. Nikamwuliza kama ni salama kutoka. Akacheka. "Kaka," akasema, "gari hili limetengenezwa huku huku. Theluji ya kwao lisiijue?"

Tukatoka. Tulikuwa tunateremka kilima kidogo kuelekea stesheni ya treni, mwendo wa kilomita thelathini kwa saa, mwendo wa baiskeli. Mbele yetu taa ikawa nyekundu. Mdogo wangu akakanyaga breki. Breki zikaanza kugonga chini ya mguu wake, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayebisha mlango kwa hasira, maana ule mfumo wa ABS ulikuwa unafanya kazi yake. Lakini gari halikusimama. Halikupunguza hata mwendo. Liliendelea kushuka, kimya, kama sahani inayoteleza juu ya meza.

Na kwenye kivuko cha waenda kwa miguu alikuwapo mwanamke anavuta kamba, na mwisho wa kamba ile kulikuwa na kibao cha kuteleza juu ya theluji, na juu ya kibao mtoto mdogo amevaa kofia nyekundu.

Ndugu msikilizaji, tulipita nyuma ya mtoto yule. Sisemi kwa umbali gani, kwa sababu sitaki kuongeza chumvi, lakini niliona vifungo vya koti lake. Gari likagonga ukingo wa barabara, rimu ya mbele ikapinda, tukasimama karibu na kibanda cha basi. Hakuna aliyeumia. Mwanamke yule hakupiga kelele wala hakututukana. Alisimama, akatutazama, kisha akamwinua mtoto wake mikononi akaenda zake. Mtazamo ule ninao mpaka leo. Na tulipokuwa bado tumeketi humo ndani, tumbo linatetemeka, mzee mmoja katika kigari kidogo cha bei ya chini alitupita akipanda kilima kile kile, polepole, bila wasiwasi wowote.

Kulikuwa na nini katika kigari cha mzee yule ambacho hakikuwamo katika gari la farasi 400? Jibu ni matairi manne. Basi.

Tuanze na mpira wenyewe. Mnayajua mafuta ya nazi. Hapa Dar es Salaam yanamiminika kama maji. Yapeleke chupa hiyo hiyo Njombe mwezi wa Juni, na asubuhi utayakuta yameganda, lazima uyachokonoe kwa kijiko. Mafuta ni yale yale, kilichobadilika ni baridi. Mpira wa tairi nao una tabia ya namna hiyo. Tairi la majira ya joto limechanganywa ili liwe imara katika joto na katika mwendo mkali. Kanuni ya mafundi wa Ulaya ni kwamba joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi hivi, mpira wa tairi hilo unaanza kukakamaa. Ukikakamaa haung'ang'anii tena vijipembe vidogo vya barabara, unateleza juu yake kama kandambili kuukuu kwenye sakafu ya bafu. Tairi la baridi limechanganywa kwa namna nyingine, kwa mpira wa asili mwingi zaidi na kemikali ya silika, ili libaki laini hata pale maji yanapoganda.

Jambo la pili ni meno. Ukilitazama tairi la baridi kwa karibu utaona kila jino limechanjwa vipasuo vyembamba sana, kama vilivyopitishwa wembe, mamia kwa mamia. Gurudumu linapozunguka, vipasuo hivyo hufunguka na kuishika theluji kwa kingo zake. Na ile mifereji mikubwa hujaa theluji ikashindiliwa humo. Mtu wa kwetu atadhani hilo ni kosa, kwa kuwa sisi tumezoea kwamba tairi likijaa tope halifai. Kumbe theluji hushikana na theluji. Ukiifinya mkononi inakamatana kama tonge la ugali. Kwa hiyo theluji iliyomo katika tairi inaishika theluji iliyoko chini, na gari linapata pa kujizuia.

Sasa tupige hesabu, ile ya sekondari. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa. Kwenye lami kavu na matairi mazuri, tangu breki zishike mpaka kusimama ni kama mita 12. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, ambako mshiko hubaki kama robo tu ya uzito wa gari, inakuwa karibu mita 40. Kwenye barafu laini, mshiko ukiwa sehemu moja ya kumi, ni karibu mita 100, yaani urefu wa kiwanja cha mpira kutoka goli hadi goli. Na katika hesabu hiyo nguvu ya injini haimo kabisa. Farasi 400 au farasi 60, umbali ni ule ule. Gari zima, pamoja na injini yake na sifa zake, linaishika dunia kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikubwa kama kiganja cha mtu mzima. Viganja hivyo vinne vikishindwa, hakuna kingine kilichobaki.

Hapo wajuzi wa magari wataninyoshea kidole. Watasema: je, gari linalovutwa na magurudumu yote manne? Watanikumbusha tangazo la mwaka 1986, ambalo Audi 100 yenye mfumo wa quattro ilipanda mnara wa kurukia kwa ski huko Kaipola, Finland, juu kabisa ya theluji, na dunia nzima ikapiga makofi. Naam, ilipanda. Lakini gari lile lilikuwa limevishwa matairi yenye misumari ya chuma, na watu walioshangilia hawakuuliza habari ya matairi. Magurudumu manne yanayovuta hukusaidia kuondoka. Kusimama ni habari nyingine, maana kila gari, la bei yoyote, lina breki katika magurudumu yote manne. Ndiyo maana wenye magari ya namna hiyo mara nyingine huingia mtaroni wakiwa na mwendo mkubwa kuliko wengine: gari liliondoka vizuri, likawadanganya kwamba litasimama vizuri.

Basi kijana wa Stuttgart achague nini? Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu mwenye gari la mbio hushawishika kuchagua tairi kwa kulitazama gari lake. Nami nasema, alitazame barabara lake kwanza.

Matairi ya baridi yana koo tatu. Ukoo wa kwanza ni yale ya Ulaya ya Kati, yaliyotengenezwa kwa nchi kama Ujerumani na Uswisi, ambako siku nyingi za baridi barabara ina maji na baridi kali, theluji huja na kuondoka, na mitambo huipalia na kumwaga chumvi. Matairi haya yanastahimili mwendo wa barabara kuu, yanafukuza maji vizuri, na kwenye theluji yanajitahidi. Ukoo wa pili ni yale ya nchi za Kaskazini, laini zaidi, kwa ajili ya Sweden, Finland na sehemu za Kanada ambako barabara hukaa nyeupe kwa miezi. Kwenye barafu ni bora, lakini kwenye lami tupu na mwendo mkali yanalegalega. Wafini ndio wakongwe wa kazi hii. Kiwanda ambacho leo kinaitwa Nokian kilitoa tairi la baridi la malori mwaka 1934, na la magari madogo mwaka 1936. Ukoo wa tatu ni matairi ya misumari. Sweden wanayaruhusu katika majira yake, lakini Ujerumani yamepigwa marufuku tangu mwaka 1975, kwa kuwa yanakwangua barabara.

Kwa hiyo kijana anayeishi Stuttgart, aendaye kazini kwenye barabara zinazopaliwa, achukue ukoo wa kwanza. Angekuwa Kiruna, kaskazini ya Sweden, ningemwambia mengine.

La pili ni upana. Gari la mbio huja na matairi mapana na rimu kubwa, na vijana wanapenda hivyo kwa sababu ya sura. Lakini tairi pana hupanda juu ya theluji mbichi kama mtumbwi juu ya maji, na jembamba huikata na kukanyaga chini. Wenye akili hushusha rimu kwa inchi moja, kwa mfano kutoka 18 hadi 17, na kuchukua tairi jembamba kidogo lenye ubavu mrefu zaidi, ili kimo cha gurudumu zima kisibadilike. Ubavu ule mrefu huiokoa pia rimu katika mashimo yaliyofichwa na theluji. Lakini tahadhari: magari haya yana breki kubwa, na si kila rimu ndogo itaingia. Asinunue kwa kukisia. Asome kitabu cha gari, au amwulize fundi ampimie kwanza.

La tatu ni herufi ya mwendo iliyoandikwa ubavuni. T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Gari la kijana yule huenda likaweza 250. Sheria ya Ujerumani inamruhusu kuvaa tairi la baridi lenye herufi ya chini kuliko mwendo wa gari, mradi abandike mbele ya macho yake kibandiko kinachotaja mwendo usiozidiwa. Achukue H au V, abandike kibandiko chake, atulie. Ni nani anayekwenda kilomita 250 mwezi wa Januari?

La nne, ambalo watu wengi hulikosea kwa kubana matumizi: yabadilishwe yote manne. Kuna wanaoweka mawili tu, kwenye magurudumu yanayovuta. Kwa gari linalovuta nyuma, maana yake ni kwamba litaondoka barabara, kisha kwenye kona sehemu ya mbele, ambako kuna usukani na sehemu kubwa ya breki, itateleza moja kwa moja. Ni kama kumvisha mtu kiatu kizuri mguu mmoja na kumwambia akimbie.

La tano ni alama. Tairi halisi la baridi lina mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Zamani herufi M na S zilitosha, lakini tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Ujerumani inautambua mchoro huo tu. Kule sheria haitaji tarehe, inataja hali ya barabara: kukiwa na barafu au theluji, ni lazima. Ukikamatwa bila matairi hayo ni faini ya euro 60 na alama moja katika rekodi yako, na ukisababisha msongamano inaongezeka. Wenyewe wana msemo kwamba matairi ya baridi huvaliwa kutoka Oktoba hadi Pasaka. Sweden ni lazima kati ya tarehe 1 Desemba na 31 Machi kukiwa na hali ya baridi barabarani, na jimbo la Quebec, huko Kanada, limeyalazimisha tangu mwaka 2008.

Asisahau pia umri wa tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka: 4023 ni wiki ya 40 ya mwaka 2023. Meno yakibaki chini ya milimita 4, sheria haitamkamata, kwani kiwango chake ni 1.6, lakini theluji itamkamata. Na apime upepo mara kwa mara, maana hewa husinyaa kwa baridi, na tairi lililojazwa siku ya joto huonekana limepungua asubuhi ya barafu.

Sasa nirudi nyumbani kama nilivyoahidi. Japani nao walitumia misumari, mpaka vumbi la lami iliyosagwa likawakohoza watu wa miji kama Sendai na Sapporo. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuizuia. Viwanda vikawa vimekwisha kubuni matairi ya barafu yasiyo na misumari. Bridgestone, kwa mfano, ilianza kuuza Blizzak mwaka 1988. Na magari ya mitumba tunayoyanunua yanatoka wapi? Japani. Mengine yanatoka mikoa ya kaskazini, na yanashuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yamevaa matairi yale yale. Mnunuzi anayatazama, meno yamejaa, anafurahi. Ainame atazame ubavuni. Akikuta neno STUDLESS, hilo ni tairi la barafu. Kwenye lami yetu ya saa nane mchana mpira ule laini unaliwa haraka kama sabuni ya kufulia, kwenye kona gari linayumba, na breki ya ghafla inachukua nafasi ndefu kuliko inavyopaswa. Tairi linalomwokoa mtoto Sapporo laweza kumgonga mtoto Kariakoo. Tairi zuri ni lile lililotengenezwa kwa ajili ya barabara unayopita.

Watu wetu wana neno wanalolitumia kila gari linapopinduka: ajali haina kinga. Mimi silipendi neno hilo. Ajali nyingine hazina kinga, lakini ile yetu ya mwaka 2012 ilikuwa nayo, na ilikuwa dukani, imepangwa rafuni, inauzwa. Mdogo wangu aliinunua kesho yake asubuhi. Fedha zilizokuwa za kutengenezea picha nzuri za kutuma nyumbani ziliingia katika matairi manne meusi yasiyo na sura, membamba, ambayo hayavutii picha. Gari analo bado, na kila mwaka Oktoba ikifika huyavalisha bila kuambiwa.

Na kuhusu gharama, mama, mwambie hivi: hanunui kitu kile kile mara mbili. Matairi ya joto yanapumzika miezi sita stoo wakati ya baridi yanafanya kazi, na ya baridi yanapumzika miezi sita mingine. Kila seti inaliwa nusu tu ya mwaka. Anacholipa zaidi ni kidogo kuliko bei ya rimu moja iliyopinda, na hakilinganishwi kabisa na kofia nyekundu niliyoiona mimi.

Usimwambie habari za kemikali wala za herufi. Hayo fundi atamweleza. Mwambie kwamba ukoo mzima umeiona picha ya gari, na limependeza. Sasa mama yake anataka picha nyingine moja: ya ubavu wa tairi, wenye mlima na chembe ya theluji. Akikutumia hiyo, ulale usingizi. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na sakafu ya theluji ina ukingo wa karibu sana.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.